Pumzi Kati ya Gia na Gia

Kila aliyewahi kughani shairi la mizani 16 anapajua mahali pale, baada ya mizani ya 8, ambapo sauti hutua kidogo kabla ya kuvuka kutoka ukwapi kwenda utao. Pumziko lile halihesabiwi katika mizani, wala halina herufi yake. Hata hivyo, mghani akilirefusha, wasikilizaji hudhani amesahau. Akilifuta, vipande viwili hugongana na kina cha kati hupotea masikioni. Kwa miaka mingi darasani nilitafuta mfano wa kuwaeleza wanafunzi pumziko hilo. Mfano ulio bora kuliko yote nimeupata baada ya kustaafu, katika gari la mpwa wangu.

Naomba basi, wapenzi wa lugha, tuingie gereji. Nitasema habari za gia boksi ya otomatiki, tena ya gari kuukuu lililoongezewa nguvu kupita zile lilizozaliwa nazo, na jinsi ubadilishaji wake wa gia ulivyorekebishwa. Mpenda magari atapata la kwake. Asiyeyapenda naomba asikate tamaa mapema, kwa kuwa huko gerejini nilikuta Kiswahili cha kupimia, chenye maneno yaliyokatwa kwa usahihi ambao wengi wetu tuliosomea lugha tungeuonea wivu.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Injini lililokuja nayo iliondolewa kitambo, pakawekwa 1JZ-GTE, injini ya lita 2.5 yenye turbo 2 na silinda 6 zilizojipanga mstari mmoja. Toyota ilianza kuitoa injini hiyo mwaka 1990, na nguvu iliyotangazwa ilikuwa ya farasi 280. Iliposhushwa kutoka Japani ilikuja na gia boksi yake, A340E, kazi ya kampuni ya Aisin: gia 4 za kwenda mbele, zinazosukumwa kwa shinikizo la oili na kuamrishwa kwa umeme. Baadaye mpwa wangu, kama walivyo vijana wengi wa rika lake, aliongeza upepo wa turbo, akapanua njia ya moshi, akaweka throtli kubwa zaidi na kontrol boksi nyingine ya kusimamia injini. Farasi wakazidi 280. Gia boksi ikabaki ileile, na kontrol boksi ya zamani ikaachwa iendelee kuiamrisha.

Yote hayo yangekuwa mambo ya vijana tu kama gari lisingekuwa na abiria wa kudumu. Dada yangu, mama yake kijana huyu, anaishi Ruaha Mbuyuni, na kila mwezi hupelekwa kliniki Iringa mjini. Anayeijua barabara ile hahitaji maelezo: ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Ilula unakutana na mlima Kitonga, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori ya kwenda Zambia na Kongo yakipanda kwa mwendo wa kinyonga. Huko ndiko gia ya 3 ilikoanza kukataa. Kijana analipita lori, anakanyaga mafuta, gia ya 2 inaisha, na ya 3 haiingii. Injini inapiga kelele, mshale unapanda, gari halivuti, na lori jingine linashuka mbele yao. Kisha, baada ya muda ambao dada yangu husema unatosha kusali nusu ya Baba Yetu, gia inashika kwa teke linalomgonga mgongoni.

Gereji ya kwanza ilitoa hukumu kwa sentensi moja: gia boksi imekufa, itafutwe nyingine. Rafiki za kijana walikuwa na shauri lao, kwamba otomatiki iondolewe kabisa, iwekwe gia ya mkono. Yote mawili yalihitaji fedha ambazo nyumba ile ingezitoa katika fungu la dawa. Kwa hiyo tulikwenda kwa fundi wa pili, mtu wa makamo niliyemfundisha alipokuwa kidato cha pili, ambaye siku hizi hufungua gia boksi kama mimi nilivyokuwa nikifungua daftari.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, fundi. Tumekuletea mgonjwa.”

Alimgeukia mpwa wangu. “Inafanyaje?”

“Inasumbua gia, bro.”

“Kusumbua hakuniambii kitu. Inateleza, inasita, inagonga, au inatangatanga?”

Kijana akakosa la kujibu. Aliyejibu ni dada yangu, ambaye hajawahi kushika usukani, akiwa bado ameketi kiti cha nyuma mlango ukiwa wazi. “Mwanangu, gari hili linavuta pumzi, halafu linasahau kuitoa.”

Fundi alicheka, akaweka spana chini. “Hapo umemaliza, mama. Inateleza kwanza, ndipo inagonga. Kugonga kwake ni mtoto wa kuteleza.”

Niliyasimamisha maneno yale manne akilini kama vitenzi ubaoni, nikamwomba fundi anifafanulie kimoja kimoja. Kusita, alisema, ni pale unapohamisha wenzo kutoka N kwenda D, ukasubiri, na gari likachelewa kuitika. Hapo anaanza kwa kupima oili, kisha anafikiria sili zilizokauka. Kuteleza ni mizunguko ya injini kupanda wakati mwendo wa gari haupandi. Plati za klachi zinagusana lakini hazijashikana, na swali la kwanza ni la shinikizo. Kugonga ni kushika kwa ghafla mno. Huenda shinikizo limezidi, au kile kinachopaswa kulainisha mshiko kimekwama. Kutangatanga ni kwenda gia ya 3, ya 4, ya 3, ya 4, kama mtu asiyejua alale wapi. Hilo hutokea sana mlimani, na mara nyingine dawa yake ni kuzima gia ya 4 kwa kitufe cha O/D tu, bila kufungua hata nati moja.

Tazameni mgawanyo ule. Vitenzi vinne, viungo vinne vya kuchunguza. Nyaraka za kiwandani zina chati ya kurasa kadhaa kwa kazi hiyohiyo. Kisha tazameni jambo jingine lililonifurahisha zaidi: nomino zote za gereji ni za wageni. Gia, klachi, valvu, solenoidi, sampo, konvata, plati. Zilishuka na meli pamoja na vyuma vyenyewe. Lakini vitenzi ni vyetu. Hakuna fundi niliyemsikia akikopa kitenzi kusema kwamba chuma kimeteleza, kimeng'ata, kimelegea, kimekaba au kimechoka. Vyuma tulivipokea na majina yake, bali mwenendo wake tuliutazama kwa macho yetu na kuutaja kwa kinywa chetu. Ndiyo maana mama asiyejua hata jina la kiungo kimoja aliweza kutaja ugonjwa.

Sasa niwaelezeni mashine yenyewe kwa ufupi, kwa kuwa bila hayo tiba haitaeleweka. Kati ya injini na gia boksi kuna konvata, mapangaboi yanayotazamana ndani ya oili: moja huzungushwa na injini, oili inayorushwa huzungusha la pili, na ndiyo sababu gari la otomatiki husimama kwenye taa bila injini kuzimika. Nyuma ya konvata ziko seti za gia ambazo hazihami mahali pake. Zinazohama ni amri za nani ashikwe na nani aachiwe. Kushika ni kazi ya klachi na breki za ndani, ambazo hubanwa kwa shinikizo la oili.

Amri hizo hutoka kwa solenoidi 2, vali ndogo zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme. Hapa mshairi atatabasamu. Solenoidi ya kwanza ikiwaka peke yake, ni gia ya 1. Zikiwaka zote mbili, ni ya 2. Ikiwaka ya pili peke yake, ni ya 3. Zikizimika zote, ni ya 4. Sauti mbili, maneno manne. Hakuna herufi iliyopotea wala iliyorudiwa bure. Na aliyeibuni aliweka hekima ndani yake: umeme ukikatika kabisa, wenzo ukiwa D, gari hubaki na gia ya 4. Litaondoka kwa uzito kama punda mwenye magunia, lakini halitaangukia gia ya chini ghafla likiwa kwenye mwendo mkali.

Solenoidi husema gia ipi. Hazisemi ishikwe kwa nguvu kiasi gani. Hilo, katika gia boksi hii, huamuliwa na kebo nyembamba inayotoka kwenye throtli hadi ndani ya gia boksi. Ukikanyaga mafuta, kebo huvuta, na shinikizo la oili hupanda ili klachi ibanwe sawasawa na nguvu inayokuja. Kebo ikilegea, mshiko hulegea. Wengi hudhani kebo hii ndiyo inayochagua wakati wa kubadili gia. Katika gia boksi za zamani zisizo na umeme ilikuwa hivyo, lakini katika A340E kazi yake ni nguvu ya mshiko.

Na mshiko unahitaji nguvu kwa sababu ya hesabu ifuatayo. Katika gia ya 2 injini huzunguka mara 1.531 kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayokwenda nyuma; katika gia ya 3 huzunguka mara 1 kamili. Injini iliyokuwa na mizunguko 4,500 kwa dakika hulazimika kushuka hadi karibu 2,940, gari likiwa kwenye mwendo uleule. Mizunguko zaidi ya 1,500 lazima imezwe mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye plati za klachi, katika kile kitambo kidogo ambacho abiria hukihisi kama pumzi. Kitambo kikiwa kifupi, joto ni dogo na teke ni kubwa. Kikiwa kirefu, teke hutoweka, lakini plati zinasagana na oili inaungua.

Hapo ndipo palipozuka ubishi uliochukua mchana mzima, kwa maana kila mmoja alitaka pumzi ya urefu wake. Dada yangu alitaka gia zibadilike asihisi kitu. Mgongo wake haupendi matuta. Mpwa wangu alitaka teke. Kwa vijana wale, gari lisilomkandamiza mtu kitini limepungukiwa heshima. Fundi alitaka plati zidumu.

“Mjomba, ikigonga ndiyo nzuri,” kijana aliniambia kwa siri. “Maana yake inashika.”

Fundi alimsikia. “Teke si nguvu. Teke ni nguvu iliyochelewa. Na wewe mama, unisamehe, ule ulaini unaoutamani ndio utakaoiua. Kiwandani waliipa ulaini kwa nguvu ya injini ile ya kiwandani. Huyu kijana ameongeza nguvu, ulaini uleule umekuwa kuteleza.”

Nilikumbuka mafunzo ya chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu alitusisitizia kwamba mwalimu akishauliza swali anyamaze kidogo. Asiyenyamaza hujijibu mwenyewe na darasa hulala. Anayenyamaza mno hulipoteza darasa. Hakutupa idadi ya sekunde. Alisema kitambo hicho kinategemea uzito wa swali. Fundi alikuwa akisema jambo lilelile kwa oili na chuma: urefu wa pumzi hutegemea uzito wa mzigo. Mlaini wa jana ni mlegevu wa leo ikiwa mzigo umeongezeka.

Matengenezo yalikwenda kwa ngazi, kuanzia lililo rahisi. Kwanza oili. Fundi aliipima injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa ya moto, baada ya kuupitisha wenzo katika nafasi zote na kuurudisha P, kwa kuwa otomatiki ikipimwa baridi hudanganya. Kimo kilikuwa sawa, lakini rangi ilikuwa ya kahawia iliyoiva na harufu ilikuwa ya kitu kilichoungua. Akafungua sampo. Mle ndani kuna sumaku za kukusanya chembe za chuma, na zilikuwa na uji mwembamba wa kijivu, bila vipande. “Haijafa,” alisema. “Imechoka tu.” Kwa neno hilo moja hukumu ya gereji ya kwanza ilibatilika.

Ukifungua sampo hutoka karibu lita 2 tu, ilhali gia boksi na konvata hubeba lita 7 hivi. Kwa hiyo alimwaga, akajaza, akamtuma kijana azunguke mjini, akarudia hivyo mara tatu, kila safari oili ikitoka nyekundu zaidi. Chujio alibadilisha. Solenoidi alizitoa, akazipima; kila moja ilipaswa kuwa kati ya ohm 11 na 15, na zilikuwa hivyo. Vichujio vyake vidogo vilikuwa na taka, akavisafisha.

Kisha ikaja kebo, na hapo ndipo palipokuwa kiini. Throtli ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, kituo kidogo kilichobanwa kwenye waya kinapaswa kuwa umbali wa milimita 0 hadi 1 kutoka ncha ya ganda la mpira. Hapa kebo haikuvutwa hata kufikia karibu na hapo. Ile throtli kubwa ilikuwa na gurudumu la kebo lenye kipimo tofauti na la kiwandani, na gereji iliyoifunga ilitazama kebo ya mafuta tu, ikaiacha hii ining'inie kama kamba ya kuanikia nguo. Kijana alipokanyaga mpaka chini, injini ilitoa nguvu zote, nayo gia boksi iliambiwa kwamba amekanyaga kidogo. Ndiyo pumzi iliyosahauliwa kutolewa.

Fundi alirekebisha gurudumu na kebo hadi milimita zikatimia, akakataa kuikaza kupita hapo ingawa kijana alimbembeleza. Ila alituonya kwamba kebo pekee haitoshi kwa gari lenye turbo iliyoongezwa upepo. Alisema sentensi ambayo ningependa kuiona katika vitabu: “Kebo inaujua mguu, haiujui upepo.” Turbo inaweza kuleta nguvu nyingi hata mguu ukiwa nusu, na kebo haina habari.

Ndiyo maana alifanya mambo mengine matatu. Ndani ya gia boksi kuna akyumuleta, pistoni ndogo zenye springi zinazopokea sehemu ya oili wakati gia inaingia, ili klachi ibanwe taratibu. Alizitia springi ngumu kidogo, klachi ikawahi kushika. Pili, aliongeza kipozeo cha oili mbele ya rejeta, kwa kuwa joto ndilo adui. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikizidi juu ya kiwango cha kawaida, umri wa oili hupungua nusu. Tatu, alimwita mtaalamu wa programu. Kiwandani, kontrol boksi huchelewesha cheche kwa sehemu ya sekunde gia inapobadilika, ili injini ipunguze nguvu na klachi ishike kwa amani. Kontrol boksi mpya ya kijana haikuwa na habari kwamba gia inabadilika. Ikaunganishwa na nyaya za solenoidi mbili, ikafundishwa kutii kitambo kile.

Hilo la mwisho lilinigusa kuliko yote. Kumbe pumziko zuri huhitaji pande mbili: mmoja ashike kwa nguvu, na mwingine anyamaze kidogo ashikwe. Mghani hawezi kutua baada ya mizani ya 8 ikiwa mpiga zumari wake haachi kupuliza.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ruaha Mbuyuni nikapanda nao Kitonga. Kijana alilipita lori moja kwenye sehemu iliyonyooka. Gia ya 2 ikaisha, mshale ukashuka kwa mkato mmoja, ya 3 ikashika. Ilihisiwa, lakini haikuumiza. Dada yangu alitazama nje dirishani akaendelea kunieleza bei ya vitunguu. Kwangu hicho kilikuwa kipimo kuliko vyote: hakukatiza sentensi.

Sasa nirudi kwetu, watu wa maneno. Wanafunzi wangu wengi walijua kanuni za kukimbilia mtu anapokwama katika mizani: inkisari ya kufupisha neno na mazida ya kulirefusha. Walizitumia kama kijana alivyotumia upepo wa turbo, kwa kuwa zipo. Lakini mazida yasiyo na haja ni kuteleza. Sauti inapanda na maana haisogei. Inkisari ya kulazimisha ni kugonga. Mshororo unaingia, lakini msikilizaji anashtuka. Na yule anayeanza na kisa, akarukia nasaha, akarudi kwenye kisa, akarukia tena nasaha, huyo anatangatanga mlimani, na dawa yake ni kuzima gia moja. Nashawishika kwamba vitenzi vya fundi yule vinahakiki shairi vizuri kuliko maneno mengi ya mihadhara yangu.

Nina dai moja. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, hakubuni vina wala mizani. Vilikuwapo vinywani na masikioni mwa watu karne nyingi kabla yake. Alichofanya ni kuviweka kwa mpangilio katika kitabu, mwanafunzi asiye na mjomba malenga akaweza kujifunza. Maneno ya mafundi wetu bado yanangoja mtu wa namna hiyo. Yanaishi kwa kusikika tu: kijana huyaokota akiwa amelala chini ya gari, na asiyepata fundi mwenye ulimi mzuri hubaki na “inasumbua”. Tofauti kati ya “imekufa” na “imechoka”, kama mlivyoona, ilikuwa tofauti kati ya dawa za mgonjwa kununuliwa na kutonunuliwa. Istilahi zinazotungwa mezani kwa ajili ya nomino ni kazi njema. Lakini vitenzi vimekwisha kutungwa, vinatakiwa kuandikwa tu, pamoja na maana zake zilizopimwa.

Siku ile gerejini, tukisubiri oili ipoe, niliandika ubeti mmoja nyuma ya risiti ya spea. Fundi ameubandika ukutani, juu ya meza ya spana:

Gia inabadilika, pumzi moja mwendoni,
Ikirefuka, yawaka, moto usio jikoni,
Ikifupika, yaruka, teke huja mgongoni,
Kati ndipo pa kushika, wa gereji na diwani.

Nawaachia kazi ya nyumbani, kama ilivyo desturi ya walimu hata wakistaafu. Nendeni kwa fundi wa karibu, wa magari, wa redio, wa cherehani, wa mashua. Msimuulize majina ya viungo. Hayo mtayakuta kwenye makasha. Muulizeni kinapoharibika kinafanyaje, na mwandike kila kitenzi atakachotamka, na kila tofauti atakayoitia kati ya kitenzi kimoja na jirani yake. Kisha leteni hapa tuvisome pamoja.